Vifungo vya Baharini Katika Mapokezi ya Gesti

Anti hakuwahi kuviamini vile vifungo. Akipita mbele ya tangi la kioo na ufagio wake, vilijifunga vyote kwa pamoja, kama watu wanaokatiza umbea anayesengenywa anapoingia. Nikipita mimi vilibaki wazi. Siku moja alipita mara tatu, kwenda na kurudi, huku akinitazama mimi badala ya kulitazama tangi. Kisha akaniuliza nimevipa nini. Nikamwambia sijavipa kitu.

"Basi vimekuzoea," akasema, na hakulisema kwa wema.

Baadaye niligundua kwamba yeye alipita upande wa dirisha na kivuli chake kikaangukia tangi, wakati mimi nilipita upande wa ukuta. Sikumwambia. Wakati ule sikuwa mtu wa kumweleza mkubwa jambo asiloniuliza.

Anti alikuwa mke wa mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Mimi nilitoka milimani, Matombo, nilikomaliza darasa la saba na kukaa miaka kadhaa nikihudumia migomba ya bibi, kisha mjomba akaniita mjini. Alikuwa dereva wa shirika la umma. Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, maduka yalijaa bidhaa na mashirika yakaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Kwa kiinua mgongo chake alinunua pikapu chakavu, akageuza vyumba vinne vya mbele ya nyumba kuwa gesti. Alipakia kabichi na ndizi kutoka milimani, akazipeleka Dar es Salaam, na kurudi alirudi na madumu ya maji ya bahari.

Madumu hayo ndiyo yaliyoanza kuzungumzwa mtaani. Maji ya bahari, kila mtu alijua, ni kitu cha waganga. Mtu aliyeachishwa kazi jana, leo ana gari na gesti, na kila wiki anashusha maji ya bahari chini ya mlima ambao hauna bahari. Watu walijumlisha wenyewe. Jirani mmoja alinisimamisha bombani akaniuliza kwa sauti ya chini kama jini letu linakula mayai au linakula damu. Nikasema ni samaki tu. Akacheka, akasema na yeye angekuwa mimi angejibu hivyohivyo.

Mjomba alikuwa ameliona tangi la namna ile kwenye hoteli moja huko Dar. Wageni walikaa mbele yake hawataki kuondoka, na yeye akaamua gesti yake nayo iwe na bahari mapokezini. Fundi vioo alilitengeneza. Mzamiaji mmoja, aliyekuwa akikamata samaki wa mapambo kwa ajili ya wafanyabiashara wa kuwasafirisha nje, alipanda na mjomba kuja kulijaza. Alileta mchanga, mawe, samaki wawili wenye milia, na juu ya baadhi ya mawe ndipo vilipokuwepo vile viumbe tulivyoviita vifungo. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati, kijani katikati, kahawia pembeni, kimezungukwa na vinywele vifupi kama kope. Mzamiaji alisema si maua. Ni wanyama, wa jamii ya matumbawe, ila hawa ni laini, na wanaishi kwa mwanga na kwa vitu vidogo vinavyopita majini.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, na alinifundisha kama mtu asiye na haraka. Tulichora mstari kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya mstari niongeze maji ya mvua, si ya bahari, kwa sababu kinachopaa ni maji na chumvi inabaki. Taa ya tyubu iwake mchana na kuzimwa jioni. Pampu ya hewa isizimwe kamwe. Kila Jumamosi nitoe ndoo mbili za maji ya zamani na kuweka ndoo mbili mpya. Nilifurahi, kwa sababu ilikuwa kazi ya kunyamaza.

Kisha akaitazama mikono yangu, akafungua mdomo kutaka kusema jambo jingine. Mjomba akamshika bega. "Twende nje kwanza tumalize habari ya gari."

Walisimama kando ya pikapu. Kupitia dirishani niliona mzamiaji akihesabu kwa vidole, na mjomba akiitikia kwa kichwa huku macho yake yako kwenye mlango wa nyumba. Nilipowapelekea chai wakanyamaza. Mgeni alipoondoka, mjomba akanipa glavu za mpira, nyekundu, zile za kufulia.

"Usiviguse kwa mkono mtupu, mjomba," akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mkubwa kwa mdogo. "Mkono wa mtu una mafuta. Vitakufa."

Niliamini maneno yake. Namna alivyoyasema ndiyo sikuiamini. Alikuwa akikunja kitambaa cha gari huku anaongea, na mjomba hakuwahi kukunja kitambaa.

Jumamosi ya kwanza alinionyesha mwenyewe namna ya kutoa maji. Alitumbukiza mpira tangini akaunyonya kwa mdomo, kama madereva wote wanavyonyonya mafuta kutoka kwenye tangi la gari. Maji yalimfika mdomoni. Akayatema, akasukutua kwenye karo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akakaa kwenye kiti cha wageni akijigusa midomo kwa vidole. Nilimuuliza kama yuko salama. Akasema mdomo umekufa ganzi kidogo na una ladha kama mtu aliyelamba betri ya redio. Niliijua ladha hiyo. Sote tulipima betri kwa ulimi. Tangu siku hiyo akaniagiza nijaze mpira maji kutoka bombani kwanza, nizibe kwa dole gumba, ndipo nitumbukize. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni usafi.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na watu watatu na kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Anti alishuku safari za baharini. Alikuwa akinusa mashati ya mjomba kabla ya kuyaloweka. Mjomba alishuku kwamba anti anapekua mifuko yake, na kweli alikuwa anapekua. Na mimi nilishuku lile tangi. Vifungo vilikuwa vinaongezeka. Nilikuwa navihesabu asubuhi, na asubuhi iliyofuata hesabu ilikuwa imezidi, na sikuwahi kuona hata kimoja kikizaliwa.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Siku mbili pampu haikufanya kazi, na mjomba alikuwa Dar. Nilichota maji kwa jagi nikayamwaga kutoka juu ili hewa iingie, mpaka bega likauma. Samaki walipona. Lakini jiwe moja dogo la nyuma, lililokuwa limejaa vifungo, lilianza kunuka na vifungo vyake kulegea. Mgeni mmoja alihama chumba. Anti akaniambia nilitoe upesi.

Nililitoa kwa mikono mitupu. Glavu zilikuwa za kuvilinda vifungo visife, na hivi vilikuwa vinakwenda kutupwa; sikuona sababu ya kuzivaa. Anti alilichukua kutoka mkononi mwangu, akaligeuza. Lilikuwa jepesi, lina vishimo vidogodogo, na upande mmoja ulikuwa bapa, unakaa vizuri kwenye kiganja.

"Unatupa wapi hili? Hili jiwe la miguu kabisa."

Bafu la wageni halikuwa na jiwe la kusugulia visigino. La zamani lilikuwa limeondoka na mgeni. Nikasema kwamba lina wadudu wale, tena wameoza.

"Wadudu dawa yao maji ya moto. Kunguni wa vitandani tunawafanyaje?"

Ni kweli. Kila mwisho wa mwezi tulitoa vitanda uani tukavimwagia maji yanayochemka kwenye maungio. Kwake lilikuwa jambo lile lile, na kwangu pia. Nilinawa mikono kwa sabuni, kwa sababu ya harufu tu, nikaenda kuwatengea wageni maji ya kuoga.

Ilikuwa mchana wa mvua. Dirisha la jiko lilifungwa ili maji yasiingie. Anti alilitia jiwe kwenye sufuria kuukuu, akalichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, kisha akaliweka kwenye karai na kulisugua kwa brashi likiwa bado linafuka. Niliporudi kuchukua ndoo, jiko lilikuwa limejaa mvuke, na harufu ilikuwa ya pwani maji yanapokupwa. Nilikohoa, nikatoka. Yeye aliinama palepale juu ya karai mpaka vifungo vyote vikatoka.

Kabla ya magharibi alikuwa anatetemeka. Akajifunika kanga mbili na blanketi, akasema kifua kimembana na miguu inamuuma kama aliyebeba mzigo kutoka mlimani. Nilikwenda kumwita jirani mwenye gari, tukampeleka hospitali. Walimpima damu hawakuona malaria. Wakamwekea hewa, wakauliza amekula nini. Nikasema amekula ugali na mchicha. Nani alipika? Nikasema ni mimi.

Swali lile lilikuwa la kawaida, na jibu langu lilikuwa la kweli, lakini ndilo lililonipeleka pabaya.

Asubuhi alifika kaka yake anti, kutoka Mikese, alikokuwa na duka karibu na kituo cha mabasi. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitika. Alikuwa ameshapita hospitali na ameshazungumza na jirani yule wa bombani. Alivuta kiti cha mapokezini akakaa kuniangalia mimi na tangi, kwa zamu.

Kwao mali ya mtu hurithiwa na watoto wake. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mali ya mjomba huangukia mpwa wake. Mjomba na anti hawakuwa na mtoto. Mimi sikuwahi kufikiria habari ya nyumba ile, lakini yule shemeji yake mjomba alikuwa ameifikiria, na alinieleza yote polepole kana kwamba ananisomea: dada yake akiondoka, mjomba atabaki peke yake, mjomba akibaki peke yake, nyumba itakuwa ya nani? Mtu mwenye haya anapotuhumiwa hufanana sana na mwenye kosa. Nilijiona mwenyewe nikiangalia chini, nikajua anavyoniona.

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria yenye kiporo cha mchicha. "Kula."

Nikala. Kilikuwa kimeanza kuchacha, lakini nilikula chote mbele yake na kukwangua kwa kidole. Alingoja. Saa nzima alikuwa amekaa pale akinitazama tumboni. Hakikunipata kitu.

"Mnaotoka milimani," akasema mwishowe, "mkitega dawa mnakunywa kwanza ya kujikinga."

Hapo nikaelewa kwamba hakuna kitu ningeweza kula, au kukataa kula, kikanisafisha. Alisema anti akizidiwa atakwenda polisi, na asipozidiwa bado mimi sitalala tena chini ya paa moja na dada yake.

Mjomba alirudi mchana. Nilimfuata kwenye pikapu kabla hajashuka, nikamweleza yote: umeme, jiwe, kuchemsha, hospitali, shemeji. Alikuwa ameshika usukani. Katika habari zote zile aliuliza moja tu.

"Alilichemsha?"

"Ndiyo, mjomba. Akalisugua."

"Dirisha?"

Nikasema lilikuwa limefungwa. Aliachia usukani. Kisha akaniambia habari ya jiwe nisiipeleke hospitali. Madaktari watatucheka, watasema tunaugua mawe. Aliingia ndani akasalimiana na shemeji yake, akasikiliza mashtaka yangu yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakusema hata neno moja la kunitetea. Baadaye aliniita uani. Alisema ingekuwa vizuri nikipanda Matombo kwa muda, mpaka watu watulie. Gari la kesho.

Nilifunga nguo zangu. Lakini nilipokuwa nafunga nilianza kumshuku yeye. Kwa nini aulize dirisha? Mtu asiyejua kitu angeuliza jiwe lina uhusiano gani na kifua. Na nilijua nikipanda lile gari, nitafika kijijini kama mtu aliyemwekea mke wa mjomba wake sumu. Taarifa ingefika kabla yangu. Bibi angenipokea, lakini nani mwingine angekula kwenye sahani niliyoshika?

Asubuhi niliomba nipite hospitali kumuaga anti. Mjomba alisita, kisha akakubali, na shemeji akafuatana nasi ili nisimkaribie. Anti alikuwa ameegemea mito miwili. Alipumua vizuri kidogo, uso umelegea. Alikuwa amekataa uji. Muuguzi akamwuliza kwa nini, naye akasema kila kitu kina ladha mbaya mdomoni, uji, maji, hata mate.

"Ladha gani?" muuguzi akauliza.

"Kama nimelamba betri."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ametazama chini, sawa na mimi jana yake. Sijui nilipata wapi sauti. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kifurushi changu, na nilisema bila salamu wala utangulizi.

"Mjomba, yule mzamiaji alikwambia nini pale nje?"

"Mambo ya gari."

"Alihesabu kwa vidole. Gari lina mambo gani ya kuhesabu?"

Shemeji akaniambia nifunge mdomo. Anti akamwinulia mkono kumnyamazisha. Alimtazama mumewe. Kwa muda mrefu alikuwa amemshuku kuhusu bahari, na sasa alikuwa karibu kupata jibu, ingawa si lile alilolitegemea.

"Jibu mtoto," akasema.

Mjomba alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha pembeni. Akaanza kusema, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Mzamiaji alimwambia kwamba baadhi ya vile vifungo vina sumu ndani ya miili yao. Kwamba mtu avae glavu na miwani anapoyashika mawe yale, asiyashike akiwa na kidonda, asijipanguse macho. Kwamba asivute maji kwa mdomo. Na kwamba jiwe lao lisichemshwe wala kumwagiwa maji ya moto, kwa sababu sumu hupanda na mvuke na mtu huivuta.

"Ulijua," anti akasema.

"Ningekwambia, tangi lisingeingia ndani."

"Na huyu?" Alinionyesha mimi kwa kidevu. "Ulikuwa unampeleka wapi na kifurushi?"

Muuguzi alikuwa ameshatoka kwenda kumwita daktari. Daktari alikuja, akamwomba mjomba arudie, akaandika. Alisema hajawahi kukutana na jambo hilo lakini sasa angalau anajua sumu imeingia kwa njia ya hewa, na kwamba mimi niliyekohoa nami nipimwe kifua. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika siku mbili zile mtu kuniuliza hali yangu. Anti alikaa wodini siku tatu nyingine, akarudi nyumbani akitembea mwenyewe, ingawa ngazi zilimchosha kwa wiki kadhaa.

Sikupanda gari la Matombo. Lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Shemeji hakuniomba radhi. Alisema tu kwamba mtu yeyote angefikiri alivyofikiri, na labda ni kweli. Jirani wa bombani aliposikia kwamba ni sumu ya wanyama wa baharini alisema alijua tangu zamani kwamba kuna kitu mle.

Mtaa mzima ulitegemea anti atalivunja tangi. Hakulivunja. Alimwagiza mjomba amlete mzamiaji, na alipofika akamkalisha mapokezini, mbele ya kaka yake na mbele yangu, akamwambia aseme kila kitu upya, kwake yeye, si kwenye gari. Mzamiaji aliona aibu. Alisema alidhani mwenye nyumba atawaeleza wa ndani. Kisha akaeleza. Mawe yenye vifungo yasikatwe wala kusuguliwa wala kuachwa yakauke mahali watu wanapopita. La kutoa litolewe likiwa limelowa, liingizwe ndani ya mfuko humohumo majini, ufungwe. Mikono ioshwe kwa sabuni hata kama ilikuwa na glavu. Ndoo na brashi za tangi zisiingie jikoni kamwe. Madirisha yawe wazi. Anti alimuuliza kama ni bora kuvitoa vyote. Akasema vikikaa vizuri, bila kusumbuliwa, haviendi kumtafuta mtu. Ila wasiojua wasiviguse.

Anti alifikiri. Gesti ilikuwa inajaa kwa sababu ya lile tangi, na yeye alilijua hilo kuliko mjomba. Alimwambia mzamiaji aondoke na mawe yenye vifungo vingi, abakishe moja tu. Kisha akaamua tangi lihamie kwenye chumba kidogo cha pembeni, chenye dirisha kubwa na mlango wa vioo, wageni watazame wakiwa nje na mlango uwe na kufuli.

Fundi alipomaliza kufunga kufuli, mjomba alinyoosha mkono kuchukua ufunguo. Anti akaupitisha mbele yake, akanipa mimi.

"Unampa huyu?" kaka yake akauliza.

"Ndiye aliyeuliza," akasema anti.

Nilibaki pale nyumbani miaka minne. Kila Jumamosi mjomba alinigongea mlango kuniambia madumu yamefika, akasimama nje ya kioo huku nikifanya kazi, na akitaka kuingia aliomba. Nilimfungulia kila mara. Lakini kabla ya kumfungulia nilimuuliza anataka kufanya nini, na alipojibu, niliitazama mikono yake, nione kama inakunja kitambaa.